Viti Viwili vya Mama Opta

Na Esteria Kashinje, Kitengo cha Mafunzo

Jumanne, tarehe 30 Juni 2026, Bi. Rozalia Melkiadi atarudisha funguo za pikipiki, jozi ya gambuti na kamba ya kupandia mpunga, na hapo atakuwa amekitumikia kituo chetu cha kilimo miaka thelathini na minne. Hiyo ni hesabu ya ofisini. Mashambani wana kalenda yao. Kijijini Magamba wanasema alikuja mwaka ule maji yalipobeba daraja, na kule Mwamkulu wapo wafugaji wanaoamini kwamba siku walipoingia na ng'ombe wao walimkuta tayari amesimama kwenye jaruba la mpunga, akiwangoja.

Kwenye karatasi za mshahara yeye ni Rozalia. Kwingine kote ni Mama Opta, kwa jina la mwanawe wa kwanza, Optatus, na ndivyo tutakavyomwita hapa, maana wengi wenu mkisoma Rozalia mtadhani anastaafu mtu mwingine.

Alizaliwa Majimoto, kwenye nyumba ya wakulima wa mpunga, akasomea kilimo chuoni, na mwaka 1992 akawa bibi shamba wa kwanza wa kituo hiki. Kazi yake ya kwanza ilikuwa Magamba, kwa baiskeli. Wazee walikuwa wametangaziwa ujio wa mtaalamu, wakakaa kumsubiri. Alipofika msichana mwembamba mwenye vumbi hadi kwenye nyusi, walimpa maji ya kunywa na kumuuliza kwa upole mtaalamu mwenyewe amemwacha wapi. "Yuko hapa nyuma," akawajibu, "nimemfunga kwa mpira." Akafungua mpira wa keria na kutoa kamba ndefu yenye mafundo.

Kamba hiyo ndiyo maisha yake. Inavutwa kutoka ukingo mmoja wa jaruba hadi mwingine, kwenye kila fundo unapandikizwa mche, na mpunga unasimama kwa mistari badala ya kumwagwa kama chakula cha kuku. Wazee wa Magamba siku ile walicheka sana. Wakati wa mavuno walicheka kidogo. Msimu uliofuata walikuja kuazima kamba.

Wafanyakazi wapya huonywa mapema juu ya saa ya Mama Opta. Darasa likipangwa saa mbili asubuhi, saa mbili linaanza, awepo nani asiwepo nani. Kuna siku Mwamkulu mvua iliwazuia wote isipokuwa Mzee Maduhu, mfugaji mwenye boma kubwa kule karibu na mto, na mbwa wake. Mama Opta alimfundisha Mzee Maduhu na mbwa somo zima la kuandaa kitalu, pamoja na kipindi cha maswali. Hadi leo Mzee Maduhu huwaambia wenzake kwamba wao wamesoma shule ya serikali, yeye amesomeshwa binafsi.

Baada ya baiskeli ilikuja pikipiki, aliyoiita Shemeji. Alipoulizwa sababu, alisema kwamba mume anamwacha nyumbani asubuhi, lakini shemeji ndiye anayezunguka naye mjini na kumletea ugomvi. Mumewe, Mzee Apolinari, fundi seremala wa hapa Mpanda, alilikubali jina hilo bila kinyongo na kila Jumamosi aliiosha Shemeji kwa mikono yake.

Yote haya yanaweza kuandikwa kwa mstaafu yeyote aliyependwa. Ila ukweli ni kwamba miaka michache tu iliyopita hakuna kati yetu aliyekuwa na hakika kwamba Mama Opta angeifikia tarehe hii akiwa bado kazini. Yeye mwenyewe alitaka jambo moja: amalizie utumishi wake shambani, kwa miguu yake. Na mguu mmoja haukuwa tayari kukubaliana naye.

Ilianza Januari 2021, kwenye utelezi wa njia ya Majimoto. Shemeji alianguka upande wa kushoto na Mama Opta akavunjika kifundo cha mguu. Alifungwa plasta, akaambiwa atulie nyumbani, naye akatulia kwa maana ya kwamba aliongoza msimu mzima kwa simu akiwa kitandani. Plasta ilipotolewa, mfupa ulikuwa umeunga vizuri. Siku chache baadaye kigimbi cha mguu ule ule kikaanza kuvimba, kikawa cha moto na kigumu, akikanyaga anauma meno.

Mtaani kulizuka shule mbili za mawazo. Moja ilisema amekanyaga kitu alichotegewa mtu mwingine. Nyingine ilisema baridi ya plasta imeingia ndani. Shule zote mbili zilikubaliana juu ya tiba: maji ya moto, chumvi, taulo, na mikono yenye nguvu. Mikono ilitolewa na jirani yake, Mama Monika, ambaye kwa upendo mkubwa aliukanda mguu ule jioni mbili mfululizo. Jioni ya tatu Mzee Apolinari aliita bajaji.

Hospitalini muuguzi aliuangalia mguu mara moja tu. "Nani kaukanda huu mguu?" Mama Monika, aliyekuwa amesindikiza, akaanza kusoma kwa makini kalenda ya ukutani. Kipimo kilionyesha kwamba damu ilikuwa imeganda kwenye mshipa mkubwa wa ndani. Daktari alieleza kwamba mtu akikaa muda mrefu bila kuusogeza mguu, kama kwenye plasta, damu inaweza kuganda namna hiyo, na kwamba kuukanda ni hatari, maana bonge linaweza kung'oka na kusafiri hadi kwenye mapafu. Tangu siku hiyo Mama Monika ndiye mhubiri mkali kuliko wote mtaani kwao. Ukivimba mguu mmoja ghafla mbele yake, hatakuuliza habari za nyumbani. Anasema, "Usiguse! Bajaji!"

Mama Opta alimeza dawa za kuzuia damu kuganda kwa miezi kadhaa, na tulipoambiwa amemaliza tukafanya misa ya shukrani, tukala wali, tukapiga picha. Mguu haukuhudhuria. Asubuhi uliamka mwema kama wa mtu mwingine, saa za mchana ukaanza kuwa mzito, na ikifika jioni ulikuwa kama gunia lililolowa, umevimba, unawasha, unauma kwa maumivu ya polepole yasiyokuwa na mahali pa kuonyesha kidole. Hakukuwa na kidonda wala bendeji. Nadhani hilo ndilo lililokuwa gumu kuliko yote. Watu humwonea huruma mtu wanayeona ameumia, na wakishaona amepona huruma hiyo huwa wameifunga na kuiweka kabatini. Walikuwa wanamuuliza "Bado tu?" kwa nia njema kabisa, na yeye alikuwa anajibu "Tunaendelea," na kuhamisha uzito kwenye mguu mwingine.

Daktari alimweleza kwamba bonge limekwisha, ila lilipokuwa ndani liliharibu vilango vidogo vya mshipa vinavyoizuia damu isirudi chini. Mama Opta alirudi na habari hiyo kituoni akiwa mchangamfu kama aliyepata mbegu mpya. "Mfereji umesafishwa," alituambia wakati wa chai, "ila milango imevunjika. Maji yanapanda, yanafika katikati, yanarudi shambani. Basi jioni jaruba limefurika." Alichora mguu kwa chaki nyuma ya mlango wa stoo, pamoja na mifereji yake. Mchoro ule bado upo, na hakuna anayethubutu kuufuta.

Hapo ndipo tukamwonea huruma kupita kiasi. Mkuu wetu, Bwana Nashon, ambaye alianza kazi kama mwanafunzi wa mazoezi chini ya Mama Opta na hadi leo huingia chumba alichomo akiwa amevua kofia, alimhamishia ofisini. Alitafutiwa kiti cha kuzunguka, chenye mto. Akitaka faili, faili lilimfuata. Akitaka chai, chai ilimfuata. Akijaribu kuinuka, sauti nne zilipigwa kutoka pembe nne za chumba: "Kaa, mama!" Naye alikaa, kwa sababu kukataa wema ni kazi ngumu kuliko kupalilia.

Mwaka huo ndipo nilipoajiriwa, na meza yangu ilitazamana na yake. Chini ya meza yake niliona alichokuwa haonyeshi juu. Saa nne asubuhi alikuwa ameshavua kiatu cha kushoto, na jioni hakikuingia tena, akawa anatoka na kandambili mguu mmoja, anacheka kwamba ndiyo mitindo ya Dar. Ngozi juu ya kifundo ilianza kuwa nyeusi. Kadiri tulivyozidi kumkalisha, ndivyo mguu ulivyozidi.

Kliniki waliuliza swali moja tu ambalo sisi sote hatukuwahi kujiuliza: anashindaje? Aliposema anashinda kwenye kiti, daktari aliweka kalamu chini. Mguu wa namna hiyo unataka kutembea, alisema, kwa sababu kigimbi kikifanya kazi kinaisukuma damu kwenda juu. Unataka soksi ndefu ya kubana. Unachokataa ni kusimama sehemu moja na kukaa huku unaning'inia. Na ukipumzika, upandishwe juu.

Siku iliyofuata Mama Opta alikwenda kwa Bwana Nashon na kuomba arudishiwe Shemeji. Mlango ulikuwa wazi, kwa hiyo kituo kizima kilihudhuria kikao hicho.

"Mama, ukiangukia huko Mwamkulu, mimi nitamwambia nini Mzee Apolinari?"

"Mwambie nilikuwa kazini."

Bwana Nashon alisema kwa uwazi, na kwa heshima, alichokuwa anakifikiria kwa wiki kadhaa. Ipo njia ya kustaafu mapema kwa sababu za afya. Angepewa heshima zake zote, akapumzike. Mama Opta akasema kwamba shamba darasa la Mwamkulu, alilolianzisha na familia za wafugaji, halijawahi kumaliza msimu hata mmoja akiwepo, maana msimu wa kwanza alikuwa kitandani na wa pili kwenye kiti cha kuzunguka. Aliomba msimu mmoja. Walikubaliana hivi: kila siku ya kazi atapumzika na mguu juu, na wakati wa mavuno daktari ndiye atakayesema. Ukiwa umezidi kuharibika, anakwenda nyumbani bila ubishi.

Kutembea hakukumshinda. Asubuhi alivuta soksi yake ya rangi ya maandazi, akaizamisha kwenye gambuti, na kufikia mchana alikuwa amezunguka majaruba yote, mguu ukiwa na hali nzuri kuliko mwaka mzima wa ofisini. Kilichomshinda ni kukaa. Kila boma hukaribisha, na ukikaribishwa unakaa. Mwamkulu, kwa Wasukuma na kwa Wapimbwe sawasawa, mwanamke mwenye heshima zake hanyooshi mguu mbele ya wazee, sembuse kuupandisha juu ya kiti ambacho mtu mzima angekikalia. Mama Opta ni mtu wa adabu. Alisalimia kwa kupiga magoti kama inavyopaswa, akakunja mguu chini ya kigoda, akanywa maziwa yake, na kusikiliza mambo ya ndama na ya mbegu hadi mwisho, huku jaruba la ndani likifurika.

Mzee Apolinari alimtengenezea kigoda cha kukunja cha kubeba kwenye pikipiki. Kazi safi, mbao nyepesi. Mwenye boma wa kwanza kukiona aliuliza kwa sauti ya chini kama kwake kumeonekana kuna upungufu wa viti. Kigoda kikarudi Mpanda siku hiyo hiyo.

Basi akabuni njia nyingine. Kati ya boma na boma alisimamisha Shemeji mahali pasipo na watu, akatandika khanga, akalala chali na kuuweka mguu juu ya kiti cha pikipiki. Daktari angempongeza. Tatizo ni kwamba Mwamkulu hakuna mahali pasipo na watu. Mchana mmoja wa Februari, wanawake waliokuwa wanatoka kupalilia waliona pikipiki pembeni mwa njia na Mama Opta amelala chini yake, mguu mmoja hewani, macho yamefumbwa. Alikuwa amesinzia. Kilio walichopiga kilimwamsha yeye na nusu ya kata. Mtu akapiga simu Mpanda. Kabla hajamaliza kuwaeleza kwamba yu hai, kituoni tulikuwa tumeshaambiwa kwamba hatunaye tena, na Bwana Nashon alikuwa njiani na gari. Mzee Apolinari alikaa mbele. Mimi nilikuwa nyuma.

Tulimkuta kwenye boma la Mzee Maduhu, katikati ya umati, akitafuna karanga za kuchemsha. Mzee Apolinari alikaa palepale mchangani na kucheka hadi machozi yakamtoka, ingawa sidhani kama machozi yote yalikuwa ya kicheko. Bwana Nashon hakucheka. Alisimama na funguo za gari mkononi. "Mama, imetosha. Kesho nakutaka ofisini. Mambo ya kustaafu tunayaanza wiki hii."

Mama Opta aliweka karanga chini.

Aliyesema ni Bibi Nyanzala, mama mzazi wa Mzee Maduhu, mwanamke mzee kuliko wote pale bomani. Alianza kwa Kisukuma, kisha akahamia Kiswahili ili mgeni mwenye funguo naye asikie. "Mayu, wewe siku hizi ni mlevi? Unalala njiani kwa nini?" Mayu ni mama, na akiitamka Bibi Nyanzala hivyo ujue umekosea. Mama Opta akamweleza yote: mfereji, milango, mguu unaotaka kuwa juu, na kwamba asingeweza kuupandisha mbele ya wazee.

"Nilikuwa naona aibu, bibi."

"Aibu ya nini? Unakuja hapa, unakunywa maziwa yangu, halafu mguu wako unateseka chini ya kigoda changu na huniambii. Kwani huo mguu haujaja na wewe?"

"Umekuja."

"Basi nao ni mgeni. Mgeni anapewa kiti."

Ila viti vyote vilikuwa na wazee. Watu walitazamana. Mzee Maduhu alikuwa amekalia kigoda chake cha miguu mitatu, alichorithi kwa baba yake na kilichosafirishwa kutoka kaskazini kwenye mkokoteni wa ng'ombe, kigoda ambacho hata wanawe wenye ndevu hawajawahi kukikalia. Sote tukaangalia chini. Kisha akanyanyuka, akakisukuma mbele ya Mama Opta, na yeye akabaki amesimama. Bibi Nyanzala aliinama, akaushika mguu kwa mikono miwili, gambuti, matope na vyote, akauweka juu yake.

Ndipo mzee mmoja nyuma akakohoa na kuutolea mguu salamu kamili ya Kisukuma: "Mwadila, mguu." Boma zima likaangua kicheko, na kila aliyepita akausalimia, watoto wakiupigia shikamoo.

Bibi Nyanzala alikuwa hajamaliza. Alimgeukia Bwana Nashon. "Na wewe bosi, huko ofisini kwenu mlimpa viti vingapi?"

"Kimoja, bibi."

"Ndiyo maana."

Bwana Nashon aliziangalia funguo, akazitia mfukoni, akavua kofia. Msimu, alisema, umalizike.

Ulimalizika. Kuanzia wiki hiyo, boma baada ya boma, hadi Magamba, hadi kwa ndugu zake mwenyewe Majimoto, Mama Opta akitokea tu kwenye njia utasikia mtu akiita ndani: "Leteni viti!" Siku zote viwili. Pale pasipo na kiti cha pili palikuwa na gunia la mpunga, na pale pasipo na gunia palikuwa na mtungi uliogeuzwa. Kanisani Majimoto akina mama wa benchi la mbele walisogea bila kuambiwa. Ndama mmoja wa Mzee Maduhu alipoitafuna ile soksi ikiwa imeanikwa kwenye uzio, wazee walikaa kikao kama wanavyokaa ng'ombe akiingia kwenye shamba la mtu, wakamtoza Mzee Maduhu jogoo. Yeye alijitetea kwamba ndama alidhani ni andazi. Hoja ilikataliwa.

Wakati wa mavuno daktari aliuangalia mguu, akaupima, akasema haujazidi kuharibika, na uvimbe wa jioni umepungua. Bwana Nashon alipokea majibu hayo kwa simu akiwa amesimama uani, na tulimwona akiinamia tangi la maji kwa muda kabla ya kurudi ndani.

Tangu hapo Mama Opta hakurudi tena kwenye kiti cha kuzunguka. Miaka hii ya mwisho ndiyo iliyozaa kazi ambayo kituo kitaikumbuka zaidi. Familia za wafugaji za Mwamkulu sasa zinapandikiza kwa kamba, zikiongozwa na wakwe wa Bibi Nyanzala, na kati ya majaruba na mto imeachwa njia ya ng'ombe iliyokubaliwa na pande zote mbili. Ilikubaliwa hapo hapo bomani, Mama Opta akiwa kati ya wakulima na wafugaji, mguu juu. Mzee Maduhu anashikilia kwamba ni vigumu kumfokea mtu aliyekaa hivyo.

Na ipo kazi nyingine uliyoizaa huo mguu. Wanaopandikiza mpunga huinama kwenye maji masaa mengi bila kusogea, na wengi wana miguu inayouma ambayo hawaisemi. Mama Opta aliweka sheria kwenye mashamba darasa yake: kamba moja, mzunguko mmoja. Mkimaliza mstari wa kamba, nyote mnatoka na kuzunguka jaruba kwa miguu kabla ya kuvuta kamba nyingine. Mwanzoni walisema anapoteza muda wao. Siku hizi huzunguka wakiimba na kusengenyana, na kazi inakwisha kwa wakati ule ule. Bwana Nashon ameileta sheria hiyo kwenye vikao vya kituo. Kila ajenda ikiisha tunatoka kuzunguka stoo. Vikao vimekuwa vifupi sana, kwa sababu wengine hawarudi.

Nisingependa msomaji aondoke akidhani mguu umepona. Haujapona, na daktari hakuahidi kwamba utapona. Ukimuuliza Mama Opta unaendeleaje, anasema, "Jioni utaniambia." Zipo siku nilizotembea nyuma yake kwenye kingo za majaruba nikaona namna anavyoweka unyayo, polepole, kama mtu anayeweka yai. Nilikuwa nadhani ujasiri ni kuficha maumivu. Alificha, akaishia amelala njiani analiliwa na watu akiwa mzima. Alipoyasema, akapewa kigoda cha mzee. Nimelifikiria jambo hili mara nyingi kuliko somo lolote nililofundishwa chuoni.

Mwezi Mei alivuna kwa mara ya mwisho Mwamkulu kama mtumishi. Darasa lilipangwa saa mbili, na saa mbili kila mtu alikuwepo, mbwa wa Mzee Maduhu akiwa mstari wa mbele. Alizunguka shamba lote kwa miguu yake, soksi, gambuti, kamba begani. Alichokiomba ofisini kwa Bwana Nashon mlango ukiwa wazi, amekipata.

Sasa tangazo dogo kwa wanaoandaa ukumbi wa sherehe ya kumuaga. Mstari wa mbele, kati ya viti vilivyovalishwa vitambaa vyeupe, mtaona kigoda kikuukuu cha miguu mitatu kisichofanana na chochote. Kimeshaondolewa mara mbili na watu wenye nia njema. Kimetumwa kutoka Mwamkulu juu ya magunia ya mpunga, na Mzee Maduhu amesema hakitarudi. Anakwenda nacho mstaafu. Tafadhali msikiondoe, msikivalishe kitambaa, na mheshimiwa yeyote atakayechelewa asikikalie. Kina mwenyewe.

Mama Opta, asante kwa kamba, kwa saa mbili kamili, kwa mchoro ulioko nyuma ya mlango wa stoo. Asante kwa kuturuhusu tuujue mguu wako, maana wengi wetu tumeanza kuisema yetu. Umwambie Mzee Apolinari kwamba Shemeji anabaki kituoni, ila Jumamosi anaruhusiwa kuja kumwosha. Wewe uendako tunakuombea njia ndefu za kutembea, jioni nyepesi, na kila nyumba utakayofika, viti viwili.